Daftari la Alama: Nahodha wa timu inayofungwa kila siku

Maswali yenu, majibu ya Bi Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

Mwezi huu barua za ndoa na za mikopo ya vikundi nimeziweka kando. Wenye shida hizo wanivumilie hadi toleo lijalo. Zimekuja barua za kriketi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: timu ya taifa ikishazoea kufungwa, nahodha mmoja anaweza kufanya nini? Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Tabora, binti wa mtu wa reli. Kriketi nimejifunza kwa kuandika alama pembeni ya uwanja wakati wanaume wakicheza, kwa hiyo msishangae nikiongea kama karani.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Marehemu babu aliajiriwa kwenye duka la Mhindi, akaturithisha ugonjwa wa kriketi, na mpaka leo tunaangalia kwenye simu bando likiruhusu. Julai 2025 niliona West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, wakitolewa wote kwa mikimbio 27, yaani pointi 27. Fundi mwenzangu anasema dawa yao ni nahodha wa kuwatia moyo. Nikamwambia moyo haupigi mpira. Tumebishana hadi mteja akachukua kitambaa chake akaondoka. Nani anasema kweli?

Marahaba mwanangu. Kwanza mfuateni huyo mteja.

Siku ile pale Kingston, Jamaika, Mitchell Starc wa Australia alitoa watu sita kwa mikimbio tisa tu. Katika historia nzima ya Testi, zile mechi za siku tano, ni New Zealand peke yao waliowahi kupata pungufu ya hapo: 26, mbele ya Uingereza, mwaka 1955. Viongozi wa kriketi wa West Indies wakawaita wazee, manahodha wao wa zamani, kwenye kikao, akina Clive Lloyd, Viv Richards na Brian Lara. Watu wakauliza kwa kejeli, wazee ndio watakaoingia kurusha? Mimi sikucheka, kwa sababu ya huyo niliyemtaja kwanza.

Juni 1975 Lloyd alinyanyua Kombe la Dunia la kwanza kabisa, pale Lord's, London, na kwenye fainali yenyewe alipiga mikimbio 102. Kabla mwaka haujapinduka vizuri akawa Australia na timu hiyo hiyo, wakafungwa Testi tano kati ya sita. Dennis Lillee na Jeff Thomson waliwarushia mipira ya kasi hadi mabingwa wa dunia wakaonekana kama watoto waliopotea sokoni. Nahodha wa maneno angerudi nyumbani akatoa hotuba ya uzalendo. Lloyd alirudi na hesabu: hawa wametuvunja kwa kasi, na kasi sisi tunayo visiwani, tumeitawanya tu. Jambo lililomaliza ubishi ni mechi ya Port of Spain, Aprili 1976. Aliwapanga warushaji watatu wa mipira ya kuzungusha, akawawekea India lengo la zaidi ya mikimbio 400, na India wakalifikia huku wamepoteza watu wanne tu. Tangu hapo ikawa warushaji wa kasi wanne, wanapokezana kutwa, mpigaji hapati pa kuvutia pumzi. Andy Roberts, Michael Holding, kisha Joel Garner, Colin Croft, Malcolm Marshall. Toka 1980 hadi 1995 West Indies hawakupoteza mfululizo hata mmoja wa Testi, na Lloyd alikuwa ameshastaafu miaka kumi.

Kwa hiyo fundi mwenzako kakuzidi kidogo. Moyo ulikuwepo, ila ulikuja na mpango mkononi.

Kuna mwingine kabla ya Lloyd ambaye nampenda zaidi, na sioni aibu kusema hivyo. Frank Worrell. Kwa miaka mingi unahodha wa West Indies ulishikwa na watu weupe, hata pale ambapo weusi ndio waliokuwa wakiibeba timu. George Headley alipewa Testi moja mwaka 1948, basi. Worrell ndiye mweusi wa kwanza kukabidhiwa mfululizo mzima, ule wa Australia wa 1960 na 1961. Alikabidhiwa watu wa visiwa mbalimbali, Mbarbados na lake, Mjamaika na lake, akawafanya timu. Mechi ya Brisbane, Desemba 1960, ndiyo Testi ya kwanza katika historia kuisha sare ya mikimbio kamili. Ova ya mwisho (ova ni zamu ya mrushaji mmoja, kwa kawaida mipira sita), Australia wanahitaji sita, mpira uko kwa Wes Hall, moyo wa kila mtu uko kooni, na Worrell anatembea taratibu kama anayeelekea msikitini kabla ya adhana. Joe Solomon akarusha kutoka pembeni, akalenga kigingi kimoja alichoweza kukiona, akapiga, na mtu wa mwisho wa Australia akawa ametoka. Mfululizo walipoteza, 2 kwa 1. Lakini watu wa Melbourne walijaa barabarani kuwaaga kwa shangwe. Onyesha timu nyingine iliyofungwa ikaagwa hivyo.

Na hili nalo ulijue. Mwaka 1962 nahodha wa India, Nari Contractor, alipigwa na mpira kichwani huko Barbados, akawa mahututi. Worrell, nahodha wa West Indies, alijitolea damu. Mpaka leo kule Bengal, India, wana siku ya kuchangia damu inayobeba jina lake.

Unaniuliza nahodha wa kutia moyo anatambulikaje? Mimi namtafuta kwenye daftari, ukurasa wa warushaji. Tazama ova ambayo kijana amepigwa vibaya, halafu tazama nani karusha baada yake, na kijana yule karudishiwa mpira lini. Kama hakurudishiwa kabisa, nahodha wako ni mwoga, hata kama anahutubia kama mbunge.

Januari 2024, Brisbane tena. West Indies walikuwa hawajashinda Testi Australia tangu 1997. Shamar Joseph, kijana wa Baracara huko Guyana, kijiji cha kufikiwa kwa mtumbwi, aliyekuwa mlinzi kabla ya kriketi, alikuwa amepondwa kidole cha mguu siku iliyotangulia na mpira wa Starc, hadi akatoka uwanjani akisaidiwa. Kesho yake nahodha wake, Kraigg Brathwaite, akampa mpira na hakumpokonya tena. Daftari linasema ova 11 na mipira mitano, mikimbio 68, wiketi saba, yaani watu saba aliowatoa. Sitini na nane ni nyingi! Kila ova ilikuwa na mikimbio ya kumtia nahodha kiwewe, na mahesabu ya Australia yalikuwa yanakaribia. Brathwaite alinyamaza, akamwacha mtoto arushe. Wakashinda kwa mikimbio minane.

*

Bi Mwalimu, habari za siku. Mume wangu akishika simu yake ya kriketi hata chai inapoa. Nataka na mimi nielewe. Kwenye mpira wa miguu lawama zinaenda kwa kocha. Kwa nini huko kwenye kriketi kila siku wanamsema nahodha? — Mama wa Gungu

Njema mdogo wangu. Chai ipashe, halafu kaa naye.

Kwenye soka nahodha anavaa kitambaa, anarusha sarafu, anazozana na refa. Mechi inaongozwa na mtu aliyesimama nje. Kwenye kriketi kocha akishamaliza maandalizi anakaa kivulini kama mimi na wewe. Ndani, nahodha ndiye anayesema mpira huu arushe nani na ova ijayo nani. Ndiye anayewapanga wadakaji, wewe sogea hatua tatu, wewe rudi mpakani. Akishinda kura ya sarafu ndiye anayeamua tupige kwanza au turushe kwanza, na kwenye Testi ndiye anayeweza kusema, mikimbio hii inatosha, sasa waingie wenzetu. Siku nzima ya saa sita anaamua kitu kila dakika chache, na kila uamuzi unaonekana na watu wote. Mikimbio ndiyo pointi, na mtu akitolewa ndiyo wiketi imeanguka. Hayo mengine mume wako atakueleza, atafurahi sana kuulizwa.

Ndiyo maana Uingereza waliwahi kumweka nahodha ambaye kwa kupiga alikuwa wa kawaida kabisa. Mike Brearley hakuwahi kufikisha mikimbio 100 katika Testi hata moja. Mwaka 1981 Ian Botham, mchezaji wao bora, alikuwa ameelemewa na unahodha, ameuachia. Wakamrudisha Brearley. Mechi yake ya kwanza, pale Headingley, Uingereza walikuwa wamekwisha kiasi kwamba wacheza kamari walikuwa wanapewa mia tano kwa moja. Botham, sasa mzigo umeshuka mabegani, akapiga 149 bila kutolewa. Australia wakabaki wanahitaji 130 tu. Bob Willis, mrushaji mrefu aliyekuwa amechoka na karibu aachwe kwenye timu, akahamishiwa upande mwingine wa uwanja ili arushe na upepo mgongoni. Akatoa wanane kwa mikimbio 43, na Australia wakaishia 111. Kumhamisha mtu upande wa upepo hakuna hotuba ndani yake. Brearley baadaye alikwenda kuwa mtaalamu wa kutibu nafsi za watu, na wala sikushangaa.

*

Mwangaluka dada wa nyumbani. Nipo Isevya, Tabora. Swali fupi: timu iliyooza inahitaji nahodha mkali au mpole?

Mwangaluka ndugu yangu. Embe zimeiva huko?

Inahitaji nahodha atakayeachiwa muda. Novemba 1984 Kim Hughes wa Australia alijiuzulu unahodha akilia mbele ya waandishi wa habari. Akapewa Allan Border, ambaye hakuutamani. Alifungwa na Uingereza 1985, akafungwa nao tena 1986 na 1987 nyumbani kwake. Timu nyingi zingemfukuza mara mbili. Hawakumfukuza. Mwisho wa 1987 akashinda Kombe la Dunia pale Kolkata kwa mikimbio saba, na 1989 akaenda Uingereza akawafunga 4 kwa 0. Safari hiyo alikuwa mkali hata mpinzani akiomba maji ya kunywa katikati ya mchezo ananyimwa. Worrell asingefanya vile. Wote wawili walifaulu, kwa hiyo ukali na upole mimi siuandiki kwenye daftari.

Imran Khan, nahodha wa Pakistan, je? Kwenye Kombe la Dunia la 1992 Pakistan walitolewa kwa mikimbio 74 na Uingereza pale Adelaide, mvua ikawaokoa, wakabaki na pointi moja ya huruma. Watu wanakumbuka maneno yake ya chui aliyebanwa kwenye kona, na wanauza fulana za chui. Mimi nakumbuka fainali, Melbourne: mzee wa miaka 39, bega bovu, alijipandisha mwenyewe kwenye nafasi ya tatu ya kupiga, mahali ambapo mpira bado mpya na unauma, akakaa hadi mikimbio 72. Waliwashinda Uingereza wale wale kwa 22.

*

Bi Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako Kasulu. Nilikuwa kijana 2003 Kenya walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, tukashangilia kama ni sisi. Steve Tikolo alikuwa nahodha wa kweli. Mbona wakapotea? Na sisi Tanzania tutafika lini, tukipata nahodha kama yule?

Mwalimu mwenzangu, swali lako limenikaa rohoni wiki nzima.

Tuwape haki yao kwanza, kwa sababu kuna vijana wanaodhani ni hadithi. Wakenya walianza kushtua dunia 1996 huko Pune, India, chini ya Maurice Odumbe: walipata 166 tu, wakawatoa West Indies wote kwa 93, West Indies wenye Lara na Richie Richardson. Halafu 2003. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, wakapoteza pointi, na wabeza wakasema Kenya wamebebwa. Sawa, lakini Sri Lanka walikuja Nairobi, na Collins Obuya akawatoa watano kwa mikimbio 24. Wakawapiga na Bangladesh, wakawapiga na Zimbabwe. Nusu fainali Durban, India wakawazidi kwa 91, na hata siku hiyo Tikolo alipiga 56. Kocha wao alikuwa Sandeep Patil, mmoja wa Wahindi waliochukua kombe 1983. Nahodha alikuwepo, kocha alikuwepo, watu walikuwepo.

Baada ya pale ikaja migomo ya wachezaji kudai malipo na mikataba. Ugomvi wa ofisini ukafika hadi chama cha zamani kikavunjwa, kikaundwa kingine. Odumbe akafungiwa miaka mitano, 2004, kwa kujihusisha na watu wa kamari. Shule na vilabu havikuzalisha warithi wa kutosha. Mwaka 2014 Kenya wakapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Tikolo alipiga mpira kwa miaka mingi, lakini nahodha hasaini hundi, hajengi pichi, haitishi uchaguzi wa chama. Hapo ndipo ninapogombana na wanaoimba uongozi, uongozi. Uongozi wa nani? Yule wa uwanjani tunamwona akitoka jasho, tunampigia makofi au tunamzomea. Yule wa mezani hatumjui hata sura.

Kuhusu sisi. Kombe la Dunia la 1975 ilikwenda timu moja ya Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa pamoja, nahodha Harilal Shah. Wakacheza tatu wakafungwa tatu. India walitupiga kwa wiketi kumi. Lakini ngoja nikupe kitu ambacho wengi hawakitazami: huo ushindi dhidi yetu ndio ushindi pekee India waliokuwa nao katika Makombe ya Dunia mawili ya mwanzo. Walikuwa dhaifu kiasi hicho! Mwaka 1983 wakaenda na Kapil Dev, miaka 24. Mechi na Zimbabwe, Tunbridge Wells, alikuta wanne wametoka kwa mikimbio tisa, muda si muda wakawa watano kwa 17. Akapiga 175 bila kutolewa. Jumla ikawa 266. Siku ile BBC walikuwa kwenye mgomo, hakuna picha, kwa hiyo sote tuliobaki tunategemea daftari, na daftari linamtaja pia Syed Kirmani, aliyesimama upande wa pili na mikimbio 24 zake akihakikisha nahodha wake hakosi mwenzake. Siku chache baadaye wakapata 183 tu kwenye fainali, wakawazuia West Indies ya Lloyd kwa 140.

Jirani zetu Uganda wamefika Kombe la Dunia la ova 20, 2024, baada ya kuwafunga Zimbabwe huko Windhoek, Namibia, mwaka mmoja nyuma yake. Brian Masaba aliwaongoza katika mashindano magumu: 58 mbele ya Afghanistan, 39 mbele ya West Indies, 40 mbele ya New Zealand. Ukiishia hapo utasema aibu. Kati ya Afghanistan na West Indies kuna mechi ya Papua New Guinea. Frank Nsubuga, miaka 43, alipewa ova zake nne zote, akatoa mikimbio minne na kuchukua wiketi mbili, Uganda wakashinda. Siku mbili baada ya kuaibishwa, Masaba alimwamini mzee. Na vijana wetu wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza kabisa. Watafutiwe pichi na mishahara kabla ya kutafutiwa nahodha wa ajabu. Nahodha mtamkuta humo humo ndani.

*

We mama, Mashujaa wetu wanahangaika kwenye Ligi Kuu, Lake Tanganyika panachemka, wewe unatuandikia mchezo wa Wahindi na Waingereza! — Mpenda soka, Katubuka

Mashujaa wana waandishi wao, na wana wewe. Hata soka ililetwa na meli, mwanangu. Soma barua inayofuata, inatoka mtaa wa pili na kwako.

*

Shikamoo Bi. Niko kidato cha tatu, shule ya wasichana wanaosoma kutwa hapa mjini. Nimechaguliwa nahodha wa kriketi kwa sababu mwalimu alisema nina sauti. Tumecheza na shule nyingine tukatolewa wote kwa 19. Mimi ndiye niliyeanza kupiga, nikapata sifuri. Mrushaji wetu mmoja alipigwa mikimbio 22 kwenye ova moja, akalia. Sasa nusu ya timu hawaji mazoezini na dada wawili wa kidato cha nne wananicheka. Nimeambatanisha nakala ya daftari. Niwaambie nini ili wapate moyo?

Marahaba mjukuu wangu. Asante kwa nakala. Umeandika vizuri, ila mpira uliopita nje uuwekee alama yake, usiuchanganye na mikimbio ya mpigaji.

Kumi na tisa si kitu. Kigali, 2019, kwenye mashindano ya Kwibuka ya wanawake, timu ya taifa ya Mali ilitolewa na Rwanda kwa mikimbio sita. Sita, timu nzima, timu ya taifa. Rwanda wakamaliza kazi kwa mipira minne. Mashindano hayo hayo Tanzania ndio walichukua kombe. Dada yako Fatuma Kibasu wa timu yetu ya taifa amewahi kupiga 127 bila kutolewa, dhidi ya Eswatini, 2021; mtafute kwenye simu ya mtu mzima umwangalie anavyosimama. Na hao Rwanda, Januari 2023, wasichana wao wa chini ya miaka 19, nahodha Gisele Ishimwe, walikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini wakawafunga Zimbabwe, wakawafunga na West Indies. Wengi wao walikuwa wasichana wa shule kama wewe.

Sasa daftari lako. Kati ya hao kumi, wanne walitolewa wakikimbia. Wanne! Hao hawakushindwa na mrushaji, walishindwa kuitana. Mmoja anakimbia, mwenzake kasimama anaangalia mpira unakokwenda. Mazoezi ya wiki hii usiguse kurusha wala kudaka. Wawili wawili, kibao cha kupigia mkononi, anayeuona mpira ndiye anayesema njoo, baki au subiri, kwa sauti, na mwingine anatii bila kugeuka. Wewe una sauti, mwalimu hakukosea. Dakika ishirini, halafu waende nyumbani wakapike. Wakiona mazoezi ni mafupi na yana maana watarudi, na watakaporudi usiwahutubie kuhusu waliokosa.

Hao dada wa kidato cha nne, mmoja naona alipata mikimbio saba kati ya 19, ndiye aliyeongoza. Mwite pembeni, mpe shikamoo yake, mwombe apange nani apige wa kwanza na nani wa pili. Usimwombe akuheshimu. Akishapanga orodha atataka ifanikiwe. Na wewe ujiweke nafasi ya tano au ya sita, ili timu ikianza vibaya awepo mtu wa kuja kutuliza. Kuanza kupiga si zawadi ya unahodha.

Halafu yule wa mikimbio 22. Nimefuata jina lake ukurasa wote, hakupewa mpira tena. Ulimficha mpakani mpaka mechi ikaisha, na nadhani ulidhani unamhurumia. Siku ya mechi ijayo mpe ova ya tatu, mapema, kabla hajapata muda wa kuogopa. Kabla hajarusha nenda ukasimame karibu naye, umuulize anataka wadakaji wasimame wapi, na uwapange kama atakavyosema hata kama unaona amekosea. Akipigwa, mpe nyingine baada ya ova moja ya mwenzake. Dada wakicheka pembeni, usiwajibu, mrushie mpira mkononi.

Mpira wa ngozi msinunue bado, ni ghali na utawavunja vidole. Chukueni wa tenisi, muuzungushie utepe mweusi wa mafundi umeme upande mmoja tu, unanunuliwa soko la Mwanga kwa bei ya vitumbua vichache. Upande wenye utepe na usio na utepe havishiki hewa sawa, mpira unapinda wenyewe angani. Mwonyeshe kwanza yule wa 22, wengine atawafundisha yeye. Mechi ni Jumamosi, umesema? Nitakuja na kiti changu na penseli mbili.